Bushi za mbele kwa gari la barabarani na traki: ipi iwe ngumu, ipi ibaki mpira

Mleta uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wenye gari moja lenye kazi mbili: siku za wiki linakupeleka kazini, wikendi linaingia traki, yaani uwanja wa mbio. Kila wakija kwenye bushi za mbele, vile viungo laini vinavyoshika mikono ya saspensheni kwenye gari, ushauri wanaopata ni wa aina mbili. Mmoja anasema funga poli (plastiki ngumu ya poliurithani) kote, mwingine anasema poli ni kelele tupu, baki na mpira. Wote wawili wanaruka swali la msingi: bushi iliyo mahali pale inatakiwa kuzuia nini, na inatakiwa kuruhusu nini?

Bushi ya kiwandani si kipande cha mpira kilichochomekwa tu. Mpira umegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, yaani bomba la ndani linalopitisha bolti na ganda la nje lililoshindiliwa kwenye mkono, kile chuma kinachounganisha tairi na gari. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira unajinyonga. Hakuna kinachosuguana na kingine, ndiyo maana haipigi kelele wala haidai grisi. Tatizo ni kwamba mpira huohuo unaojinyonga unakubali pia kusukumwa mbele, nyuma, ndani na nje.

Poli haijagandishwa popote. Inateleza juu ya bomba lake la chuma, kwa hiyo inataka grisi na inataka bomba lizunguke bila kukwama. Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa Shore A: mpira wa kiwandani kwa kawaida uko kwenye 50 hadi 65, poli za barabarani zinacheza kwenye 75 hadi 85 hivi, za mashindano zinapanda hadi 95. Watu wengi wanasoma namba hiyo tu na kununua kubwa kuliko zote. Lakini namba hiyo haikwambii kama bushi itaruhusu mkono uende unakotakiwa kwenda.

Nieleze kwanza kwa nini bushi ya nyuma ya mkono wa chini ndiyo inayostahili pesa yako ya kwanza kati ya bushi za mkono, kwenye magari mengi ya MacPherson, yaani yenye mkono mmoja chini na shokomzoba ndiyo inayoshika tairi juu.

Chukua gari la kilo 1,200 lenye matairi mazuri, linalofunga breki kwa 1 g (nguvu sawa na uzito wa gari lenyewe), na tuseme mbele inafanya asilimia 70 ya kazi. Kila tairi la mbele linavutwa kwenda nyuma kwa nguvu ya kama kilo 420. Mkono wa chini unapokea zaidi ya hapo. Breki imefungwa kwenye nako ya tairi, kile chuma kinachobeba tairi, kwa hiyo nako nzima inataka kujipindua ikiegemea vituo viwili: boljointi (kiungo cha tufe) chini na kichwa cha shokomzoba juu. Kama boljointi iko sentimita 20 kutoka ardhini na kichwa cha shokomzoba kiko sentimita 85, mkono wa chini unabeba karibu kilo 550, na juu kinasukumwa upande wa pili kwa zile 130 zilizozidi.

Mkono wenyewe mara nyingi una umbo la L. Bushi ya mbele iko karibu mstari mmoja na boljointi, na bushi ya nyuma iko nyuma yake sentimita 30 hivi. Boljointi ikivutwa nyuma, mkono unataka kuzunguka kwenye bushi ya mbele, na bushi ya nyuma inashindiliwa kuelekea katikati ya gari. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 35, hiyo bushi ya nyuma inakula zaidi ya kilo 600. Kila unapofunga breki kwa nguvu.

Mpira uliochoka ukikubali milimita 3 tu pale, boljointi inarudi nyuma milimita 3.5. Kasta, yaani mhimili wa usukani unavyolala kwenda nyuma, inapungua kama theluthi moja ya nyuzi, hilo hutalihisi sana. Tou, yaani tairi linavyoelekea ndani au nje ukilitazama kutoka juu, ndiyo inayokuumiza. Tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, haijui kwamba mkono umerudi nyuma. Kama imeinama nyuzi 10 ukiitazama kutoka juu, ule mwendo wa milimita 3.5 unavuta au kusukuma mkono wa usukani kama milimita 0.6. Mkono huo ukiwa na sentimita 12, umebadilisha tou ya tairi hilo kwa karibu dakika 17 za nyuzi (dakika 60 ni nyuzi moja). Fundi wa alaimenti alihangaika kukuwekea dakika 5, wewe unakanyaga breki unaongeza au unaondoa 17.

Namba zenyewe zitatofautiana gari kwa gari, na kama tou itafunguka au itafunga kunategemea reki ya usukani iko mbele au nyuma ya ekseli na tairodi zimelala vipi. Kingine, wahandisi wa kiwandani walipanga mwendo huo kwa makusudi ili gari litulie dereva wa kawaida akishtuka na breki. Shida inakuja pale bushi ya kushoto imechoka kuliko ya kulia. Hapo gari linachagua upande wa kwenda wakati wa breki, na wewe unalaumu diski.

nati_legevu

Shukrani mkuu, hesabu imeeleweka. Kwa hiyo jibu ni kuweka poli ngumu kabisa kwenye bushi ya nyuma na mchezo umeisha?

Mleta uzi

Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapoharibu gari.

Kalale chini ya gari uangalie bolti ya bushi ya nyuma imekaa vipi. Kama imelala, inaelekea mbele na nyuma ya gari sawa na ile bushi ya mbele, basi bushi zote mbili zinazunguka kwenye mhimili mmoja. Mkono ukipanda, zote zinazunguka tu kama bawaba. Poli pale inafaa sana.

Ila magari mengi yana bushi ya nyuma iliyosimama, bolti inapita kutoka juu kwenda chini. Tairi likipanda, bushi hiyo haizunguki kwenye bomba lake, inapinda upande. Mpira unakubali kupinda. Poli ngumu haikubali vizuri. Ukiweka ya 95 pale, umeongeza springi usiyoijua kwenye saspensheni: gari linaruka kwenye matuta, tairi la ndani linapoteza mshiko katikati ya kona, na ile nguvu isiyo na pa kwenda inaishia kwenye masikio ya sabufremu, yaani mabano ya fremu ndogo inayobeba mikono. Chuma kikichoka kinapasuka. Kinachofanya mtu adanganyike ni kwamba usukani unahisi mkali sana siku ya kwanza.

Kwa bushi iliyosimama chaguo ni matatu. Kwanza, mpira mpya wenye ugumu zaidi. Watengenezaji kadhaa wanauza za mashindano zenye umbo lilelile la kiwandani ila hazina yale matundu ya ndani. Pili, poli iliyochongwa maalumu kwa kupinda, mara nyingi huwa na kiini kama tufe ndani yake. Tatu, rozi jointi, kiungo cha chuma chenye tufe ndani ya ganda. Rozi jointi ndiyo pekee inayozuia kusogea huku ikiruhusu kupinda bila kinyongo, ndiyo maana magari ya mashindano yanaitumia.

msukani_mwepesi

Mimi nina rozi jointi mbele na gari natembelea barabarani kila siku. Watu wanaziogopa bure. Kelele ipo lakini si ya kukimbiza abiria.

Mleta uzi

Sikatai mkuu, inategemea na gari na inategemea na masikio ya mtu. Ila mwenye kufunga ajue anachofunga. Rozi jointi nzuri huwa na kitambaa cha PTFE (tefloni) katikati ya tufe na ganda. Hiyo haitakiwi grisi. Grisi inakusanya vumbi na vumbi linageuka msasa. Ikianza kulika hairudi, unasikia "tak" ndogo ukiachia breki au ukirudisha gari nyuma, halafu kila wiki inaongezeka. Funga zenye mfuniko wa mpira wa kuzuia uchafu, na kila gari likipanda kwenye jeki shika tairi utikise. Bushi ya mpira inakufa polepole na inakupa taarifa miezi kabla. Hii haikubembelezi.

Jambo jingine ambalo halisemwi: bushi za mpira, kwa vile zinajinyonga, huwa zinachangia ugumu wa saspensheni yenyewe na kumeza mitetemo midogo. Ukizitoa zote na kuweka kitu kinachozunguka huru, springi zako zilezile zinakuwa laini kidogo kuliko ulivyozoea. Mtu anasema "gari limezidi kulala kwenye kona baada ya kubadilisha bushi", anachekwa, kumbe ana hoja. Baada ya kazi kama hiyo pitia upya mpangilio wa shokomzoba.

gia_ya_tatu

Nina Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyotoka 1989. Bado mpira wa kiwandani, umepasukapasuka. Huko mbele nako ni habari hiyohiyo ya kupinda?

Mleta uzi

Wewe una bahati mkuu. MX-5 ile ina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini, na bushi za kila mkono zinazunguka kwenye mhimili mmoja. Poli za barabarani zitakaa vizuri bila kukuletea ugomvi, na gari litabadilika sana kwa sababu miaka yote hiyo imeshaumaliza mpira.

Tatizo lako litakuwa jingine. Bolti za mkono wa chini ni zile za kamu (zenye duara lisilo katikati, ukizungusha mkono unasogea), ndizo zinazorekebisha kasta na kamberi, yaani tairi linavyolala ndani au nje kwa juu. Kutu inazikamatisha ndani ya bomba la bushi kiasi kwamba unazungusha bolti na bomba lote, na mpira unanyongwa bure. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla. Nunua bolti mpya za kamu kabla hujagusa kitu, maana kuna uwezekano mkubwa utaishia kuzikata kwa msumeno. Chora alama ya kamu ilipokuwa, ili gari likitoka hapo liweze kuendeshwa hadi kwenye alaimenti.

fundi_presi

Niongezee upande wa kufunga, maana kazi hii nimeifanya sana na nusu ya bushi zinazorudi zimekufa mapema ziliuliwa siku ya kufungwa.

Bushi ya mpira HAIKAZWI gari likiwa hewani. Tairi linaning'inia, mkono umeshuka chini kabisa, ukikaza hapo umeigandisha katika mkao huo. Ukishusha gari, mpira umeshanyongwa kabla hata hujawasha injini, na kila tuta linaunyonga zaidi. Mpira unachanika kwenye mshono wake na chuma. Weka bolti kwa mkono, shusha gari kwenye uzito wake au inua mkono kwa jeki mpaka kimo cha kawaida, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Na ukishusha springi za gari baadaye, legeza bushi zote ukaze upya katika kimo kipya.

Poli na rozi jointi hazina shida hiyo, zinakazwa popote. Lakini poli ina mtihani wake: ukishakaza toki kamili, bila shokomzoba, inua mkono uachie. Unatakiwa ushuke wenyewe polepole. Ukibaki umesimama hewani, bomba la ndani ni fupi na bolti inabana poli badala ya kubana bomba. Bomba linatakiwa kuzidi poli kwa unywele tu.

Grisi tumia ya silikoni nzito inayokuja na seti ya bushi. Usipake hii ya kawaida ya beringi kwa sababu tu ipo mezani. Paka ndani ya poli, nje, na kwenye nyuso zinazogusana na masikio. Kelele ya poli mara nyingi inatoka kwenye nyuso hizo. Kwa mpira tumia maji ya sabuni. Mafuta yanavimbisha mpira.

Kuna bushi za BMW E46, ile ya nyuma ya mkono inavishwa kwenye ncha yenye pembe sita. Unaisukuma kwa maji ya sabuni, na gari lazima lishuke chini upesi kabla hayajakauka, bushi ikae inavyotaka. Ukienda kunywa chai katikati umeharibu.

nati_legevu

Fundi, kutoa za zamani je? Wapo wanaochoma moto.

fundi_presi

Msichome. Moshi wa mpira ni mbaya, wa poli ni mbaya zaidi, na mkono wa alumini ukipata moto unapoteza nguvu zake bila kuonyesha alama. Toboa mpira kwa drili kuzunguka bomba la ndani, sukuma kiini kitoke, kisha kata ganda la nje kwa msumeno taratibu. Simama kabla hujafika kwenye chuma cha mkono wenyewe. Mkwaruzo wa msumeno ndani ya tundu ndipo ufa unapoanzia. Ukitumia presi, weka kipande cha bomba katikati ya masikio yasijikunje.

Na soma maelekezo kabla ya kutupa kitu. Baadhi ya seti za poli zinatumia lile ganda la zamani. Ukishalitoa umelitoa.

Bushi zenye matundu ya umbo la mwezi zina upande wa kukaa. Kuna mshale au alama. Matundu yanaonyesha upande laini, upande uliojaa ndio mgumu. Ukizungusha nyuzi 90 umeweka ulaini pale ulipotaka ugumu.

msukani_mwepesi

Mleta uzi, vipi hizi bushi za kuongeza kasta? Nimeona za Toyota GT86 na za Subaru Impreza tundu halipo katikati.

Mleta uzi

Mimi naziona kuwa ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote kwa gari la kazi mbili, mradi ziko kwenye umbo linalofaa mhimili wako. Tundu limesogezwa pembeni, kwa hiyo boljointi inasogea mbele na kasta inaongezeka, mara nyingi nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Kasta ikiongezeka, tairi la nje linapata kamberi zaidi unapokata usukani, bila wewe kulala na kamberi kubwa siku nzima barabarani ukila upande wa ndani wa tairi. Whiteline na Superpro wanatengeneza za magari mengi ya Kijapani.

Usukani utakuwa mzito kidogo, na tairi likisogea mbele linaweza kugusa plastiki ya ndani ya mdomo wa gari ukikata hadi mwisho. Ukifunga, kata usukani pande zote gari likiwa chini, usikilize.

Hakikisha pande zote mbili zimeelekezwa sawasawa. Ukigeuza moja, kushoto kasta inaongezeka na kulia inapungua, gari litavuta upande mmoja na alaimenti haitaliponya.

gia_ya_tatu

Kwa asiye na hela za yote, mpangilio ungekuwaje?

Mleta uzi

Kama matairi, pedi na mafuta ya breki bado ni ya kawaida, bushi zisubiri. Ukishamaliza hapo, kagua kabla ya kununua. Weka nondo kati ya mkono na sabufremu utikise, mwenzako aangalie. Nyufa ndogo juu ya mpira si kifo. Mpira kuachana na chuma ndicho kifo. Kama bushi ni ya aina ya mafuta ndani, mchirizi mweusi chini yake maana yake imeshakwisha. Angalia na boljointi na tairodi hapohapo, hakuna maana ya bushi mpya juu ya boljointi inayocheza.

Bushi za stabilaiza (nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) na bushi za reki ya usukani ni rahisi, hazina habari za kupinda, na poli pale haina hasara ya maana. Za reki hasa: nyingi ni mpira mwembamba, reki nzima inasogea ukikata usukani kwa nguvu, na mtu anaweza kubadilisha mikono yote akaendelea kulalamika kwamba usukani hausemi kitu. Anzia hapo. Halafu bushi ya nyuma ya mkono wa chini kwa aina inayofaa mkao wake. Bushi ya mbele ya mkono inafuata, hiyo mara nyingi ni ya bawaba na poli inaikubali. Vichwa vya shokomzoba mwisho kabisa, na kwa barabarani naviacha mpira.

Anayeshiriki mashindano ya madaraja asome kanuni za daraja lake kwanza. Baadhi yanaruhusu kubadilisha ugumu wa bushi lakini hayaruhusu rozi jointi, wala kusogeza kituo cha mkono.

nati_legevu

La mwisho kwangu: alaimenti naenda siku hiyohiyo au nisubiri zikae?

fundi_presi

Weka tou kwa makadirio hapohapo gereji, hata kwa uzi na rula, ili usile matairi njiani. Endesha siku chache, rudi ukaze bolti zote kwa toki huku gari likiwa chini, kisha nenda alaimenti. Paka mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio la sabufremu. Baada ya siku ya kwanza ya traki unainama tu na tochi: mstari ukiwa umekatika, nati imetembea.